Gari la zamani na baridi ya Lubumbashi: shika waya kabla ya kununua betri

Hapa Lubumbashi tuko juu ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai joto hushuka chini ya nyuzi 10. Theluji hatuijui, lakini gari lililokwisha kula miaka ishirini na kitu huiona baridi hiyo kabla yako. Alfajiri unageuza ufunguo, demareri (stata, mota inayozungusha injini) inalia kwa uvivu mara mbili, halafu tak, kimya. Jirani anakuambia: betri imekufa, nenda ukanunue nyingine.

Mimi nilinunua. Ilikuwa Julai, pesa ya karo ya watoto ikaingia kwenye betri mpya, na baada ya siku nne gari likagoma vilevile. Ubovu ulikuwa kwenye waya mmoja wa kutu uliofichika chini ya betri. Tangu siku ile sinunui kitu kabla ya kupima, na ninakuomba na wewe ufanye hivyo. Gari langu ni Corolla ya mwaka 1998, ya esansi (petroli), lakini kazi hii inafaa karibu gari lolote la umri huo.

Tafuta spana namba 10 na 12, msasa, mswaki wa zamani, grisi kidogo, bikabonati ile ya kulainishia sombe (kisamvu), na maltimita, kile kifaa cha kupimia umeme. Kama maltimita huna, azima. Bila hiyo utakuwa unabahatisha.

Hatua ya 1: pima alfajiri, kabla ya kuwasha

Gari liwe limelala usiku mzima. Fungua kapo (boneti, kama wanavyosema ndugu zetu wa Tanzania), weka maltimita kwenye volti za DC, gusa nguzo mbili za betri. Volti 12.6 maana yake betri imejaa. 12.4 ni kama robo tatu. 12.2 ni nusu. Ikiwa chini ya 12.0, ichaji kwanza, usiihukumu ikiwa na njaa.

Kisha mwambie mtu awashe huku wewe ukitazama namba. Demareri ikizunguka, volti hushuka, na hilo ni sawa. Ikishuka chini ya 9.6 ilhali betri ilikuwa imejaa, hapo ndipo betri yenyewe ina ugonjwa. Lakini kama imebaki 11 na demareri bado inazunguka kivivu, betri haina kosa: umeme unapotelea njiani, au demareri yenyewe imechoka. Anza na njia.

Kwa nini ubovu huu huonekana wakati wa baridi tu? Betri ya risasi hufanya kazi kwa kemia, na baridi huipunguzia kemia hiyo mwendo. Wakati huohuo mafuta ya injini yanakuwa mazito, kwa hiyo demareri inadai umeme mwingi zaidi kutoka kwa betri inayotoa kidogo. Waya mbovu uliovumiliwa tangu Oktoba hauna tena pa kujificha.

Hatua ya 2: kose na waya wa masi

Hapa usifanye haraka. Zima kila kitu. Kose ni kile kibano kinachoshika waya kwenye nguzo ya betri. Legeza kose ya hasi kwanza, ile yenye alama ya kutoa, kisha ya chanya. Ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, cheche itaruka, na betri hutoa gesi inayoweza kulipuka. Kwa sababu hiyohiyo usivute sigara hapo, na mbabula (jiko la makaa) ikae mbali.

Utaona unga mweupe au wa kijani umeshika kose. Changanya kijiko cha bikabonati na maji ya moto kwenye kikombe, mimina kidogo kidogo, usugue na mswaki. Itachemka povu, endelea mpaka povu liishe. Suuza, kausha, kisha piga msasa nguzo za betri na ndani ya kose mpaka chuma king'ae. Angalia pia kama kuna msumari au kipande cha kopo kilichopachikwa ndani ya kose. Betri za magari ya Japani mara nyingi zina nguzo nyembamba, na kose ikiwa pana watu hujaza nafasi kwa chochote. Kitoe. Nunua kose ya saizi yake, ni rahisi kuliko betri.

Sasa fuata waya mweusi mpaka unapofungwa kwenye bodi na kwenye injini. Huo ndio tunaouita masi. Wangu ulionekana mzima kwa nje. Nilipoukunja karibu na kichwa, plastiki ikapasuka na ndani hamkuwa na shaba nyekundu tena, mlikuwa na unga wa kijani na nyuzi chache zilizoshikana. Fungua boliti ya masi, piga msasa mpaka rangi na kutu viishe, rudisha ukaze. Waya ukiwa umeoza kama wangu, badilisha, na usikubali mwembamba kuliko uliotoka.

Rudisha kose ya chanya kwanza, ya hasi mwisho, upake grisi juu. Kisha jaribu: ncha moja ya maltimita kwenye nguzo ya hasi yenyewe, nyingine kwenye chuma safi cha injini, mtu awashe. Demareri ikizunguka, namba isizidi nusu volti. Yangu ya zamani ilipita volti moja. Injini ikishawaka, pima betri tena: kati ya 13.8 na 14.5, altaneta, ile mashine ya injini inayochaji betri, inafanya kazi vizuri.

Hatua ya 3: vitu vya haraka

Soma kopo la mafuta ya injini. Katika 20W-50, namba iliyo kabla ya W inaeleza mafuta yanavyotembea kwenye baridi. Ikiwa ndogo, yanatembea kwa wepesi. Kama kitabu cha gari kinaruhusu 10W-40, msimu huu yatasaidia demareri.

Kichungi cha hewa kitoe kila wiki mbili, maana baridi yetu huja pamoja na vumbi jekundu. Kigonge taratibu, ukikipuliza puliza kutoka ndani kwenda nje. Upepo wa magurudumu upime asubuhi kabla ya kutembea, baridi huupunguza.

Gari la mazutu (dizeli) lina plagi za kupasha joto. Subiri taa yake izime ndipo uwashe. Likitoa moshi mweupe na kutetemeka dakika za kwanza, anza kuzikagua hizo.

Hatua ya 4: rudisha kaloristati

Kaloristati ni thamostati, kile kidude kinachozuia maji ya radiateri mpaka injini ipate joto. Mafundi wengi huku huing'oa na kuitupa, wakisema inachemsha injini. Mara nyingi kinachochemsha ni radiateri iliyoziba kutu kwa sababu ya maji matupu. Bila kaloristati, wakati huu wa baridi mshale wa joto hauinuki kutoka mtaa wa Katuba mpaka mjini, kompyuta ya injini inadhani bado ni alfajiri na inaongeza esansi, na hita haitoi joto la kufuta ukungu kwenye kioo. Hili linaniuma, kwa sababu ni pesa inayochomwa kila siku bila mwenye gari kujua.

Injini ikiwa baridi kabisa, mwaga maji ya radiateri. Fuata hozi mpaka inapoingia kwenye injini. Kwa Corolla nyingi za miaka ile ni hozi ya chini. Fungua nati za kifuniko utazame ndani. Pakiwa patupu, nunua kaloristati ya nyuzi 82 pamoja na raba yake.

Usiifunge bila kuijaribu. Itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji juu ya mbabula, isiguse chini. Kwa muda mrefu haifanyi kitu. Maji yakianza kutoa vipovu vidogo pembeni, ule mdomo wa shaba unaanza kujisukuma, taratibu sana, na maji yakichemka unakuwa wazi kabisa. Kwa kimo chetu maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, kwa hiyo isipofunguka hapo, irudishe dukani. Ukiitoa ikapoa, lazima ijifunge.

Ifunge, kile kipini kidogo kinachocheza kikiwa juu ili hewa ipite. Jaza maji ya radiateri ya dukani, usijaze ya bomba. Sukuma gari nje ya gereji ndipo uwashe, kwa maana moshi wa injini ndani ya chumba una gesi inayoua bila harufu ya kukuonya. Acha kifuniko cha radiateri wazi tangu mwanzo, weka hita kwenye joto, ongeza maji kadiri mapovu yanavyotoka. Mapovu yakiisha, funga kifuniko, na kuanzia hapo usikiguse mpaka injini ipoe. Mshale utapanda mpaka karibu na katikati na kutulia hapo, na hita itaanza kupuliza joto miguuni.