Oili inavujia wapi hasa?
Usiamini doa lililo chini ya gari. Oili huteremka, na upepo huisukuma nyuma ukiwa safarini. Mimi niliwahi kushusha sampu nzima (bakuli la oili chini ya injini) bure, kumbe inatoka juu, kwenye gasketi (kizibo chembamba cha kuzuia uvujaji) ya tapeti kava, yaani kifuniko cha juu ya injini. Injini ikipoa, ioshe, iache ikauke kabisa, endesha dakika 15, kisha mulika tochi kuanzia juu. Sehemu ya juu kabisa yenye unyevu ndiyo ya kushuku.

Gasketi iliyozeeka huwa ngumu kama plastiki, ukiikunja inakatika. Safisha kingo, weka mpya, kaza bolti kidogo kidogo kuanzia katikati. Usikaze kwa hasira! Kava la bati hupinda, likavuja zaidi. Ila angalia kwanza bomba la kupumulia la injini: likiziba, presha itaisukuma oili nje hata kwenye gasketi mpya.