SOMO: Kushusha transfa ya Airtrek Turbo, giaboksi ikibaki palepale

Wadau, nimechoka kujibu hili kwenye simu, wengine wanapiga usiku gari ikiwa tayari imefunguliwa. Naliweka hapa lote. Nazungumzia Mitsubishi Airtrek ya injini ya 4G63 turbo, otomatiki. Transfa, ile nyumba ya gia inayopeleka nguvu tairi za nyuma, imefungwa ubavuni mwa giaboksi, nyuma ya injini, na inatoka peke yake. Giaboksi haishuki.

Kwanza legeza nati ya kujazia oili ya transfa, kabla hujagusa ya kumwagia. Ukishamwaga halafu ya kujazia ikagoma, gari imelala hapo.

Pandisha gari juu ya stendi. Gereji zetu nyingi hapa Kigoma ni mchanga, weka mbao nene chini ya kila stendi. Jeki peke yake isikushawishi uingie chini.

Mwaga oili. Itazame sumaku ya nati: uji mweusi laini ni wa kawaida, vipande vya chuma vinavyochoma kidole si vya kawaida.

Toa bomba la ekzosi linalopita chini ya injini. Nati zake zipulizie dawa ya kutu tangu jana yake.

Toa draivu shafti ya kulia. ATF, yaani oili ya giaboksi otomatiki, itamwagika, weka beseni.

Propela, ile shafti ndefu iendayo nyuma: piga alama ya rangi kwenye flenji ya difu ya nyuma kabla ya kufungua, irudi vilevile. Mbele haina nati, inachomoka. Ishike na mwenzako, usiiache ining'inie kwenye joint.

Sasa transfa yenyewe, na hapa ndipo sili, mpira unaozuia oili, zinapouawa. Ni nzito. Iwekee jeki chini KABLA ya kutoa bolti ya mwisho, kisha ivute ikiwa imenyooka. Ukiiachia ishuke upande mmoja, meno ya shafti yanakwangua mdomo wa sili, na huoni kitu mpaka umefunga kila kitu. Sili hiyo ndiyo inayotenganisha ATF na oili nzito ya transfa, ikichanika zinachanganyika. Kwa hiyo weka mpya, ipake grisi. Wakati wa kurudisha, transfa ikae kwa mkono mpaka nyuso zigusane. Ikigoma, zungusha kidogo shafti ya transfa inayoingia propela, meno yakutane. USIIVUTE KWA BOLTI. Nyumba yake ni aluminiamu, inapasuka.

Jaza oili zote mbili, tembea kidogo, kagua tena.

MASWALI

Mdau wa Ujiji: Mkuu, kwa hiyo giaboksi inashuka kwanza?
Jibu: Soma kichwa cha somo.

Mdau wa Kasulu: Fundi wangu kaweka ATF hadi kwenye transfa, anasema oili ni oili.
Jibu: Imwage leo. Transfa ina gia za hypoid, zinasagana kwa kuteleza, zinataka oili ya gia ya GL-5. ATF SP-III ni ya giaboksi.

Mdau wa Kasulu: Lakini gari inatembea vizuri.
Jibu: Itatembea mpaka gia ziishe. Nimeshajibu.

Mdau wa Uvinza: Shikamoo fundi. Nikikata kona taratibu gari inakuwa nzito kama imeshikwa breki. Ninunue transfa?
Jibu: Marahaba dada, na umefanya vema kuuliza kabla ya kununua. Anza na tairi. Piga chaki chini ya tairi na sakafuni, sukuma gari mpaka tairi izunguke mara moja, pima umbali kwa futi kamba. Fanya hivyo zote nne, upepo ukiwa sawa. Mbili mpya mbele na mbili zilizoisha nyuma hazilingani mzunguko, kwa hiyo difu ya kati, inayogawa nguvu mbele na nyuma, inafanya kazi hata barabara ikiwa imenyooka, inachemka na kuanza kushika. Zikilingana na bado inashika, hapo tuzungumze transfa.

Mdau wa Uvinza: Asante sana. Na ikiharibika njiani, nivutwe mbele ikiwa juu?
Jibu: Hapana dada. Magurudumu yote manne yapande juu ya lori.

Mdau wa Mwanga: Sili naagizaje Dar?
Jibu: Tuma namba ya chesisi na picha ya maandishi ya sili ya zamani. Usitaje jina la gari tu, utaletewa nyingine na nauli ya basi imeshaliwa.