SOMO: MiG-21bis kwenye DCS World, kuanzia injini hadi kombora la mwisho

Wakuu, habari za wikiendi. Wengi mmeomba somo la MiG-21bis, ndege ya kivita ya Kisovieti, hasa nyie wa Dar mlioingia DCS (mchezo wa kompyuta wa kurusha ndege za kivita) mwaka huu na kila mkikutana na F-5E, ndege ya kivita ya Marekani, mnashuka na parashuti. Somo hili ni la mtu ambaye tayari anajua kuondoka na kutua. Kama bado hujafika hapo, ndege ya Su-25T na ramani ya Caucasus ni za bure, zichezee hizo kwanza. Halafu kabla hujatoa hela yako, MiG-21bis ina majaribio ya bure ya wiki mbili. Yatumie.

Jambo moja nataka lieleweke kuliko yote humu: ndege hii haipigani kwa kukata kona. Inapigana kwa kasi na mwinuko. Anayeilaumu kuwa mbovu, mara nyingi anaitumia kama ndege nyingine.

HATUA YA 1: Ijue injini na bawa

MiG-21 iliingia kazini Umoja wa Kisovieti mwaka 1959. Bis ni toleo kubwa la mwisho, la miaka ya 1970, na kilicholitenga na ndugu zake ni injini ya R25-300. Bila afterbana (mafuta ya ziada yanayochomwa nyuma ya injini) inasukuma kilo 4,100, na ukiwasha afterbana kilo 7,100. Kuna na ngazi ya tatu, afterbana ya dharura, ambayo chini ya mita 4,000 inafikisha kilo 9,900. Ndege yenyewe ikiwa na mafuta yake ya ndani na makombora mawili ina uzito wa kama kilo 8,700. Maana yake ni kwamba, kwa muda mfupi, injini inasukuma kuliko uzito wa ndege nzima. Kwa ndege ya umri huo hilo ni jambo kubwa sana.

Muda huo mfupi ni dakika tatu. Ukizidisha unaua injini. Kwa hiyo iwashe ukiwa na sababu: kukimbia, kupanda baada ya shambulio, au kurudisha kasi uliyoipoteza. Usiiwashe kwa sababu tu umemwona adui.

Sasa bawa. Ni bawa la pembetatu, jembamba, lenye eneo la mita za mraba 23 tu. Ukienda moja kwa moja linapasua hewa vizuri mno, ndiyo maana ikiwa juu sana angani inafika karibu kilomita 2,175 kwa saa, na ikiwa karibu na ardhi 1,300. Ila ukivuta joystiki kwa nguvu, bawa hilo linageuka kuwa breki. Pua itageuka haraka mwanzoni, utafurahi, lakini angalia kipima kasi: 900, 750, 600, 480. Kona moja tu, na mtaji wako wote umeisha. Baada ya hapo F-5E anakuzunguka anavyotaka.

Hili si la mchezo tu. Mwaka 1966 rubani wa Iraki, Munir Redfa, alikimbilia Israeli na MiG-21 yake, na baadaye Wamarekani walipewa ndege hiyo waijaribu. Waliona hayo hayo: inapoteza kasi haraka ikikata kona kali, na rubani haoni vizuri mbele wala nyuma. Mafunzo waliyowapa marubani wao yalijengwa juu ya hapo. Marubani wa Vietnam Kaskazini nao walilijua hilo mapema. Wakiongozwa na rada za ardhini, walikuwa wanashuka kutoka juu na nyuma, wanarusha kombora, halafu wanaondoka bila kugeuka kumtafuta wa pili. Nyie igeni hivyo hivyo.

HATUA YA 2: Chagua silaha

R-60M ndiyo chaguo langu kila seva inapoiruhusu. Ni kombora dogo, la kilo 40 na kidogo, linafuata joto, linageuka sana, na unaweza kubeba hadi sita. Kichwa chake cha mlipuko ni kidogo, kwa hiyo wakati mwingine adui anapigwa na bado anaruka. Usishangae, rusha la pili.

R-3S ni la zamani zaidi. Asili yake ni Sidewinder ya Marekani iliyonasa kwenye ndege ya Wachina mwaka 1958 bila kulipuka, Wasovieti wakaifungua na kuinakili. Hili lazima uwe nyuma ya mkia wa adui, na lazima uwe umetulia: ukivuta zaidi ya G mbili (mara mbili ya uzito wako) wakati wa kurusha, hesabu umelitupa. Pia linapenda jua. Adui akipita usawa wa jua, subiri.

R-3R linaongozwa na rada yako. Nitalijibu kwenye maswali kwa sababu ndilo linalowasumbua wengi.

Mzinga ni GSh-23L wenye risasi 200. Zinasikika nyingi, lakini mzinga huu unatoa zaidi ya risasi 3,000 kwa dakika, kwa hiyo ukishikilia kitufe zimeisha ndani ya sekunde nne. Gusa, achia, gusa, achia.

Chini ya tumbo weka tanki la ziada la lita 800. Usibishane na hili. Ukiona adui, litupe.

HATUA YA 3: Swichi kabla ya kuondoka

Nusu ya malalamiko ninayoyasoma, "kombora halitoki", yanatokana na hatua hii. Paneli ya kulia kuna swichi za umeme wa vining'inizi vya mabawa (1-2 na 3-4), ya kupasha makombora moto, ya kurushia, na ya mzinga. Ziwashe zote. Halafu swichi ya angani/ardhini iwe angani, na swichi ya aina ya kombora iwe kwenye joto kama umebeba R-60M au R-3S. Kitasa cha kuchagulia silaha kiweke kwenye kombora unalotaka, na ongeza sauti ya kombora ili usikie likinguruma.

Kitu kingine ambacho hakuna anayekikumbuka ni kipima mafuta. Kwenye ndege hii hakipimi matanki. Ni kihesabio tu: unakiwekea wewe mwenyewe kiasi ulichojaza kwa kuzungusha kifundo, nacho kinapunguza kadiri injini inavyokunywa. Ukisahau kukiweka, kitakudanganya safari nzima. Taa ya lita 450 ikiwaka, rudi nyumbani, hata kama adui yupo mbele yako anavuja moshi.

HATUA YA 4: Panda

Ondoka kwa afterbana, tulia hadi ndege ijinyanyue yenyewe kwenye 340 hivi, kunja magurudumu, kunja flapu. Pandisha kasi kwanza ukiwa chini, halafu ndiyo uinue pua. Fika mita 6,000 au 7,000 kabla ya kusogelea eneo la mapambano.

Rada yako, RP-22, iache kwenye kusubiri. Ndege ndogo haitakuonesha mbali zaidi ya kilomita 20 hivi, na ukiiangalizia chini inajaa takataka za ardhi. Isitoshe, F-5E ana kipokezi kinachomwambia kuwa anamulikwa. Kombora la joto halihitaji rada. Ya nini kumpigia hodi?

HATUA YA 5: Shambulio

Tuseme umeambiwa kuna F-5E mita 3,000, anaelekea kaskazini. Wewe uko 6,500, kusini yake. Usishuke papo hapo. Kaa nyuma yake, upande wa jua kama lipo, na umweke kidogo pembeni ya pua yako ili fremu ya kioo cha mbele isimfiche. Kioo cha MiG-21 kinaficha vitu vingi, na adui aliye katikati kabisa ni rahisi kumpoteza.

Shuka taratibu, si wima. Unataka kumfikia ukiwa na 950 hadi 1,050, na usitokee usawa wake: tokea chini yake kidogo, nyuma, pale asipoona. Pua ikiwa inaangalia mbinguni, kombora linaona joto la injini peke yake bila ardhi ya moto nyuma.

Kwenye kilomita mbili sauti itaanza kunguruma. Watu wengi wanarusha hapo. Mimi nasema subiri. Kwa R-60M sogea hadi kilomita moja na nusu au pungufu, mkono umetulia, sauti imekolea, ndipo urushe. Kwa kasi uliyonayo huko ni sekunde chache tu za ziada, na ndizo zinazotenganisha kugonga na kukosa. Akishtuka na kukata kona kali kabla hujarusha, USIMFUATE. Hapa ndipo wanapokufa tisa kati ya kumi. Pita, inua pua taratibu, afterbana ya dharura kama uko chini ya 4,000, na uende zako juu. Kumfikia hawezi. Kilomita kumi mbele, geuka kwa nafasi na urudi upya.

Kuhusu mshale wa pembe ya bawa (pembe ambayo bawa linakutana na hewa): usiuache uingie kwenye eneo la onyo. Ndege ikianza kutikisika na kuyumba, legeza joystiki kwanza, mambo mengine baadaye.

HATUA YA 6: Ukifuatwa

SPO-10, kipokezi chako cha kugundua rada za adui, ina taa nne tu. Inakwambia rada inakumulika kutoka upande gani, umbali haikwambii. Taa za nyuma zikiwaka mfululizo, weka pua chini, sukuma injini hadi mwisho, nyooka. Kwa ndege nyingi za miaka ya 1970 wakiwa mbali kidogo, umeshatoroka. Usigeuke kuangalia kama bado yupo.

HATUA YA 7: Kutua

Kwa kifupi. Flapu za kutua zinapulizwa hewa kutoka kwenye injini, kwa hiyo ukikata mafuta ghafla ukiwa mita kumi juu ya uwanja, mnyanyuo unakufa na unaanguka kama jiwe. Njoo na 350, gusa kwenye 300 hivi, injini ikiwa bado inazunguka. Punguza ukishagusa, pua ishuke, vuta parashuti ya breki.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Mbagala): Mkuu, ahsante kwa somo. Seva nyingi ziko Ulaya, pingi yangu (muda wa data kwenda seva na kurudi) kubwa sana. Nitaweza kweli?

Jibu: Utaweza, kaka, na MiG-21 inakufaa kuliko ndege nyingine. Pingi kubwa inaumiza zaidi mapigano ya mzinga, pale adui anaporukaruka mbele yako. Kombora kutoka nyuma halisumbuki sana. Tumia waya, usitumie Wi-Fi, na mwambie aliye sebuleni asimamishe video kwa nusu saa. Kushusha mchezo wenyewe fanya kwa bando la usiku, ni makumi kwa makumi ya GB. Na kama mtaani kwenu umeme unakatika, UPS ndogo inatosha kukupa muda wa kutua.

Swali (Tabata): Shikamoo mwalimu. Mimi niko kidato cha nne, sina joystiki, natumia kibodi. Naweza kuanza?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Kwa kibodi hutaipenda, nakwambia ukweli. Kibodi haina nusu: ama unavuta yote ama huvuti, na ndege hii inataka mkono mwepesi. Kama una pedi ya gemu, itumie, kisha ingia kwenye mipangilio ya vidhibiti ulainishe mkunjo wa katikati. Pita na Kariakoo pia, joystiki zilizotumika zinapatikana mara moja moja. Ijaribu pale pale dukani, zungusha kila upande, uone kama inarudi katikati yenyewe. Na mitihani kwanza.

Swali (Sinza): Hizi ndizo zilizopigana Vita vya Kagera?

Jibu: MiG-21 zilikuwepo pande zote mbili 1978 na 1979, ndiyo, lakini si bis. Uganda walikuwa na toleo la MF, lenye injini ya R13-300 inayosukuma kama kilo 6,490 kwa afterbana, na haina ile afterbana ya dharura ya R25. Ukitaka kuhisi ilivyokuwa, cheza bis bila kugusa dharura na beba R-3S mbili tu. Marubani wale walikuwa wanafanya kazi ngumu, na mimi nawaheshimu sana.

Swali (Kigamboni): Dada yangu na mimi tunaruka wawili. Nani atangulie?

Jibu: Aliye na macho makali abaki juu, kama mita 2,000 juu ya mwenzake na nyuma kidogo. Wa chini ndiye anayeshambulia. Adui akikata kona kumkwepa, anamgeuzia mgongo yule aliye juu. Mkishindwa wote wawili, ondokeni upande mmoja, msitawanyike.

Swali (Ubungo): R-3R haitoki kabisa. Sauti hakuna, taa hakuna. Nimewasha swichi zote.

Jibu: Ndugu, angalia vitu vinne kwa mpangilio huu. Kwanza swichi ya aina ya kombora: lazima itoke kwenye joto iende kwenye rada. Pili, rada: kutoka kuzima hadi kusubiri inahitaji dakika kadhaa za kupata moto, ukiirukia moja kwa moja haitafanya kazi. Tatu, uwe umemnasa adui kweli, siyo kumwona tu kwenye kioo cha rada. Nne, mwinuko. Ukiwa chini na adui yuko chini zaidi, rada inanasa mlima. Ingia chini yake, umwangalie kwa juu, umnase kwenye kilomita kumi hivi, subiri taa ya umbali, rusha, halafu endelea kumweka ndani ya rada hadi kombora lifike. Ukigeuka tu, limepotea. Ukifanya yote hayo na bado halitoki, nitumie faili la trak (rekodi ya mchezo) la huo mruko nilitazame.