Kutuliza maumivu ya mshono kwa pumzi na kulegeza mwili

Mimi ni muuguzi wa wodi ya upasuaji hapa Kisumu. Wagonjwa wengi huniita maumivu yakishafika nane kwa kumi, mwili mzima umekakamaa: meno yamekazwa, mabega yamepanda, pumzi inaishia kifuani. Mwili uliokaza huvuta mshono, mshono ukauma zaidi, na hofu ikaongezeka. Hapo ndipo mbinu hizi zinapofanya kazi. Dawa bado utameza kwa saa ulizopangiwa. Anza zoezi nusu saa hivi baada ya kumeza, zinapoanza kushika.

Hatua ya 1: Jifunze kabla ya upasuaji. Watu huiruka hatua hii, nami naisisitiza kuliko zote. Fanya mazoezi nyumbani dakika kumi, asubuhi na jioni. Ukizinduka kutoka kwenye ganzi, kichwa kizito, si wakati wa kujifunza jambo jipya.

Hatua ya 2: Jiweke vizuri. Lala chali, mto chini ya magoti. Tumbo litalegea.

Hatua ya 3: Pumzi. Weka mkono tumboni. Kama mshono uko hapo, uweke kwenye mbavu za chini. Vuta hewa puani ukihesabu hadi tatu. Toa mdomoni polepole hadi sita, kama unayepoza uji wa moto. Kutoa pumzi taratibu ndiko kunakotuliza mapigo ya moyo, kwa hiyo usikuharakishe. Rudia mara kumi. Ukisikia kizunguzungu au vidole vikichomachoma, unapumua kwa nguvu mno. Rudi kwenye pumzi yako ya kawaida.

Hatua ya 4: Taya. Liache lishuke kama unayeanza kupiga miayo, ulimi utulie, midomo ilegee. Mgonjwa aliyechoka kabisa namfanyisha hii tu na pumzi.

Hatua ya 5: Misuli. Njia hii ilibuniwa na Edmund Jacobson, daktari wa Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20. Kaza nyayo kwa sekunde tano, kisha ziachilie na usikilize tofauti kwa sekunde ishirini. Panda hadi mashavu ya miguu, mapaja, ngumi, mabega, uso. Sehemu yenye mshono usiikaze kamwe: aliyejifungua kwa upasuaji aruke tumbo na mapaja.

Hatua ya 6: Mahali pako. Zamani niliwaambia wagonjwa wawazie bahari, hadi mzee mmoja akaniambia, "Sista, bahari sijawahi kuiona." Nikamwuliza anapajua wapi. Akafumba macho akaenda Dunga, ufuo wa wavuvi wa Ziwa Victoria hapa Kisumu, alfajiri: mafunjo, omena zimeanikwa, mitumbwi ikirudi. Uso wake ukalegea nikiuona. Chagua mahali unapopajua kwa harufu na sauti, ukae hapo dakika tano au zaidi.

Hatua ya 7: Kukohoa na kuinuka. Kumbatia mto juu ya mshono wa tumbo kabla ya kukohoa. Ukitaka kuamka, geuka ubavu kwanza, shusha miguu, kisha jisukume kwa mikono huku ukitoa pumzi.

Lakini kuna maumivu ambayo hayapaswi kutulizwa kwa pumzi: yanayozidi kila siku, au yanayokuja na homa, usaha, mshono kufunguka, shavu la mguu mmoja kuvimba, au kifua kubana. Ukiwa wodini, mwite muuguzi papo hapo. Ukiwa nyumbani, usingoje tarehe ya kliniki. Tafuta gari urudi hospitali, hata kama ni usiku.