Kibanda cha shira ya mepo: usikimbilie kuweka sufi ukutani

Kwa mlioko Vermont (Marekani) au Quebec (Kanada) mnaojijengea kibanda cha kuchemshia shira ya mepo: kabla hujanunua sufi ya kioo (nyuzi laini za kuzuia baridi ukutani), piga hesabu ya mvuke. Lita moja ya shira hutoka kwenye takriban lita 40 za utomvu wa mti wa mepo. Zile 39 zote zinapanda hewani humo humo ndani. Zisipopata tundu kubwa la kutokea juu ya paa, zitageuka maji ukutani, na sufi italowa kama godoro lililosahauliwa mvuani.

Mimi chumba cha jiko nakiacha bila sufi kabisa. Moto wenyewe unatosha. Kinachostahili kuzuiliwa baridi ni kile chumba cha pembeni cha kuchujia na kujaza chupa. Hapo pigilia mabamba ya povu gumu, ziba maungio kwa utepe, kisha yafunike, maana povu lililo wazi ni hatari kwa moto. Bodi za jipsamu sahau, zikilowa zinavimba. Bati jeupe unafuta kwa kitambaa tu, na doa la shira unaliona mapema.

Fremu ya mbao ikae juu ya tuta la zege, sentimita 15 hivi kutoka sakafuni, ili ukiosha kwa mpira wa maji mbao zisinywe maji. Na nyuma ya jiko, bati lililobandikwa moja kwa moja kwenye mbao halikingi kitu; joto linapita. Acha nafasi ya hewa katikati.