Kabla ya kumpeleka ndugu yako kulazwa hospitali ya akili

Mirembe ya Dodoma ilianzishwa mwaka 1927, na mpaka leo vijiweni watu wanatukanana kwa jina lake. Zanzibar ni Kidongo Chekundu, Nairobi ni Mathari. Aibu hiyo ndiyo inayochelewesha familia nyingi, hadi usiku mmoja mgonjwa anabebwa kamba mikononi. Kama hali bado inaruhusu, jiandaeni.

Daftari kwanza. Daktari wa zamu atamwona kwa muda mfupi, tena akiwa katika hali yake mbaya kuliko zote. Nyinyi ndio mnaomjua. Andikeni mlichokiona: "Tangu mfungo uanze, usiku halali usingizi. Anaijibu redio iliyozimwa. Chakula hali mpaka mwingine aonje." Mistari mitatu ya namna hiyo inasaidia kuliko kusema amechanganyikiwa. Ongezeni kifafa, kugongwa kichwa, pombe, bangi, na nani kwenye ukoo aliwahi kuugua. Dawa zote ziwekwe mfuko mmoja, hata za mganga. Msizifiche.

Hali ikianza ghafla, hasa kukiwa na homa, pitieni hospitali ya karibu kwanza: malaria kali au sukari kushuka vinaweza kumfanya mtu aweweseke. Mkiwa hapo ombeni barua ya rufaa, maana bima wataiulizia.

Mgonjwa ni mtu mzima, basi aambiwe anakopelekwa. Kumdanganya kwamba mnakwenda harusini kunaivunja imani mtakayoihitaji siku ya kumeza dawa. Aongozane na mtu anayemsikiliza, si lazima awe mkubwa wa ukoo. Akikataa kabisa na ni hatari kwake au kwa wengine, sheria ina utaratibu wa kumlaza bila ridhaa yake. Muulizeni daktari au afisa ustawi wa jamii, msijitungie wenu.

Begi liwe dogo: nguo za kubadilisha, ndala, sabuni. Mkanda, wembe na chupa za kioo vibaki nyumbani. Simu na kadi ya benki mkubaliane naye nani atazitunza. Mtu aliyepandwa na furaha iliyopitiliza anaweza kukopa kwenye simu na kugawa mtaji wa duka kwa siku moja.

Wengi husahau siku ya kuruhusiwa. Ulizeni mapema kama dawa atakayoanzishwa inapatikana wilayani kwenu. Klozapini, kwa mfano, inataka kupima damu mara kwa mara, kwa hiyo pasipo na maabara ya kuaminika ni taabu. Haloperidoli nayo inaweza kukaza shingo au taya: mrudisheni haraka, kuna dawa ya kulegeza, msimwachishe haloperidoli wenyewe. Wiki za mwanzo baada ya kutoka wodini ndizo zenye hatari kubwa ya mtu kujiua, kwa hiyo sumu ya shambani ifungiwe kabla hajafika, awepo mtu wa kulala naye nyumba moja, na nauli ya kliniki ya kwanza itengwe kabisa.