Kabla ya kuandika mpango wa tabianchi wa kijiji, pima maji ya jabia

Vijana wa chuo wakinijia hapa kisiwani Pate, Lamu, kuuliza waanzie wapi utafiti wa mpango wa kijiji wa kuhimili mabadiliko ya tabianchi, huwapeleka kwanza Nepal. Ni nchi ya milima isiyo na pwani, lakini jambo hili limejaribiwa huko na kuandikwa sana. Mwaka 2010 serikali yao ilitoa mpango wa taifa. Mwaka 2011 ukafuata mwongozo wa mipango ya mitaa wenye hatua 7, na sera ya mwaka huo ikataka angalau asilimia 80 ya fedha za tabianchi zifike mashinani. Watafiti waliofuatilia wakaona tatizo: kwenye kamati za vijiji, wenye mashamba na watu wa vyama vya siasa waliwasemea wengine, na shida za wanawake na za jamii za Dalit, zinazobaguliwa kwa tabaka, zikafifia kabla hazijafika kwenye karatasi.

Basi usiite baraza moja la kijiji kizima. Mimi nililiita mara ya kwanza, baada ya Alasiri. Walikuja wanaume 17 na wanawake 4, na wale wanne hawakutamka neno. Orodha yetu ya shida ikaanza na gati. Wanawake wengine saa ile walikuwa jabiani, kwenye tangi la maji ya mvua, wakingoja zamu, na mimi mwenyewe ndiye niliyechagua saa ile. Sasa naenda kwa wanawake nyumbani kwa bibi mmoja baada ya Adhuhuri, na kwa wavuvi siku ambayo hawakutoka. Kabla ya yote hayo uwe na kibali cha NACOSTI, tume ya taifa inayoruhusu utafiti, na umpigie hodi mzee wa mtaa.

Mkiketi, chora mistari 12 mchangani, mstari mmoja kwa kila mwezi, uwape makombe waweke mengi pale shida ya maji inapozidi. Usiwaongoze. Bibi mmoja alirundika makombe Februari na Machi, mwisho wa kaskazi, kisha akabaki na moja mkononi. "Mwanangu, na Ramadhani naiweka wapi? Maji hutumika usiku kucha." Fomu yangu haikuwa na nafasi ya Ramadhani. Mfungo hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka, na miaka hii umeangukia Februari na Machi, jabia ikiwa karibu na sakafu. Tangu hapo nachora mistari miwili sambamba, wa jua na wa mwezi mwandamo.

Halafu pima. Kwa asiyeijua, jabia ni uwanja uliosakafiwa kwa mteremko, mvua ikinyesha maji hukimbilia kwenye tangi lake. Visima vingi vya visiwani ni vya chumvi. Uwanja wa mita 20 kwa 15 ukipata milimita 10 za mvua hukusanya lita 3,000, yaani mitungi 150 ya lita 20, ukiacha yanayopotea njiani.

Kila Ijumaa weka alama ya mkaa kwenye ukuta wa tangi, usawa wa maji, na umwombe anayeshika ufunguo ahesabu mitungi inayotoka. Ikiwa sakafu ya tangi ni mita 6 kwa 5, maji yakishuka sentimita 1 zimetoka lita 300, sawa na mitungi 15. Daftari likionyesha mitungi 10 tu, na tangi limefunikwa, tafuta ufa. Hapa ndipo watafiti wengi huteleza: ufa wa saruji huandikwa kuwa ukame, kijiji kikaletewa semina badala ya fundi. Nisemalo nalisema kwa uchungu, kwa sababu nimeona ripoti ya namna hiyo juu ya majirani zetu. Huko Nepal, ziwa la barafu la Imja, karibu mita 5,000 juu ya bahari, lilipimwa miaka mingi kabla ya maji yake kushushwa kwa mtaro mita 3 na kidogo mwaka 2016. Kipimo kilitangulia mtaro.

Ufuo nao upime kwa kamba, kutoka ukuta au mti usiohama hadi alama ya juu ya maji, siku ya bamvua, maji yanapojaa kupita kawaida. Ukipima bamvua mwezi huu na maji mafu, yanayojaa kidogo, mwezi ujao, hujalinganisha kitu.

Kuchagua la kwanza kufanywa, panga vifuu nyuma ya mlango, kila kifuu na jambo lake, mtu aingie peke yake na makombe 10. Mke wa mvuvi hataweka kombe lake mbele ya macho ya mumewe kama atakavyoliweka akiwa peke yake.

Matokeo yasome kwanza kwa wenyewe, kwa Kiswahili, warekebishe. Kisha yafikishe kwenye kamati ya tabianchi ya wadi kufikia Julai, maana mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti lazima uwe kwenye bunge la kaunti kufikia Septemba 1, na sheria hairuhusu fedha za kaunti kutengewa jambo lisilo ndani ya mipango. Nakala peleka wewe. Daftari lenyewe libaki kwa mwenye ufunguo wa jabia, pamoja na kipande cha mkaa, kwa ajili ya Ijumaa ijayo.